Damu ya mzee ikipungua, usikimbilie kulaumu umri

Mzee anayetumia tembe za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu tumboni kwa miezi mingi bila yeye wala jamaa zake kujua. Kosa la kwanza ni kudhani ni uzee. La pili, ambalo huua upesi zaidi, ni kuzitupa tembe zenyewe.

MZEE akianza kuhema kabla hajafika langoni, akapumzika mara mbili njiani akienda dukani, na akasinzia kitini tangu asubuhi, watu wa nyumbani huwa na jibu tayari. Husema ni uzee.

Huenda ikawa ni kweli. Lakini ikiwa mzee huyo hutumia dawa za kuzuia damu kuganda, jibu hilo ni la hatari. Uchovu wake waweza kuwa dalili ya pekee kwamba damu inamtoka ndani ya mwili, tone kwa tone, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Mara nyingi jambo hili hugunduliwa kwa bahati tu. Mzee hupelekwa kupimwa presha au sukari, daktari akaagiza damu ipimwe, na karatasi ya maabara ikarudi ikionyesha kwamba hemoglobini imeshuka sana. Hapo ndipo maswali huanza. Je, ni lishe? Je, ni minyoo? Au ni zile tembe za moyo?

Hemoglobini ni nini?

Hemoglobini ni ile sehemu ya chembechembe nyekundu za damu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Ndiyo inayoipa damu rangi yake. Mwili huiunda kwa protini na madini ya chuma. Kila chembechembe nyekundu huishi kwa takriban siku 120, kisha huvunjwa na chuma chake kutumiwa tena kuunda nyingine.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwanamume mzima ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake iko chini ya gramu 13 katika kila desilita moja ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, mpaka ni gramu 12. Katika karatasi nyingi za maabara kipimo hiki huandikwa kwa herufi mbili tu, Hb.

Mipaka hiyo haishushwi kwa sababu mtu ametimiza miaka 80. Kwa hakika, wanaoishi nyanda za juu hutarajiwa kuwa na kiwango cha juu kidogo kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni haba. Gramu 13 za mzee wa Nyahururu si sawa na gramu 13 za mzee wa Malindi.

Lakini kuna jambo muhimu kuliko nambari moja, nalo ni mwendo wa nambari hizo. Chukua mfano wa babu aliyekuwa na gramu 15.4 mwaka jana na sasa ana 13.2. Maabara itasema yuko sawa. Hata hivyo, amepoteza zaidi ya gramu 2, na wataalamu wa damu huhesabu kushuka kwa kiasi hicho kutokana na kuvuja damu kuwa ni kuvuja kukubwa. Ndiyo maana inafaa karatasi za vipimo vya zamani zihifadhiwe, zisitupwe.

Kwa nini wazee hupewa dawa hizi?

Damu inapaswa kuganda mtu anapojikata. Shida huja inapoganda ndani ya mishipa bila sababu, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Wengi hupewa dawa hizi kwa sababu moyo wao hupiga ovyo bila mpangilio. Moyo wa namna hiyo hauisukumi damu vizuri. Damu hutuama katika chumba kimoja cha moyo, ikaganda, na donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Mtu mwenye hali hii huwa na hatari ya kupata kiharusi karibu mara tano kuliko asiye nayo.

Wengine wana vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi waliyougua utotoni, au wamewekewa vali za kutengenezwa. Wengine waliwahi kuwa na donge la damu mguuni au mapafuni. Na wapo waliowahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Dawa zenyewe ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza huzuia vile vijenzi vya damu vinavyofanya donge kuwa gumu. Humo mna warfarini, ambayo ni ya zamani, na dawa mpya kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Aina ya pili huzuia vigandishi vya damu, zile chembe ndogo sana, visishikane. Humo mna aspirini na klopidogreli.

Historia ya warfarini ni ya ajabu, na ndiyo chanzo cha hofu ya watu wengi. Katika miaka ya 1920, ng'ombe huko Marekani na Canada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka wa 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link damu ya ng'ombe isiyoganda. Link na wenzake walikitafuta kiini kwa miaka kadhaa hadi wakakipata.

Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa warfarini, ambayo mwaka wa 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Ilipofika 1954 ilikubaliwa kutibu binadamu, na mwaka uliofuata Rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, aliitumia baada ya kupata mshtuko wa moyo.

Kwa hivyo anayemwambia nyanya yako kwamba anameza sumu ya panya hasemi uongo wote. Asichokisema ni kwamba tofauti iko katika kipimo. Kwa mtu ambaye moyo wake hupiga ovyo, warfarini iliyopimwa vyema hupunguza viharusi kwa karibu thuluthi mbili. Zipo dawa chache za moyo zinazoweza kujivunia hivyo.

Kijiko cha chai kila siku

Jina ambalo watu wamezizoesha dawa hizi, "dawa za kufanya damu iwe nyepesi", huwapotosha wengi. Dawa hizi haziifanyi damu kuwa majimaji. Haziui chembechembe nyekundu, wala haziuzuii mwili kuunda damu mpya. Zaidi ya hayo, hazitoboi tundu popote.

Kile zinachofanya ni kuchelewesha kuziba kwa tundu ambalo tayari lipo. Kidonda kidogo tumboni, ambacho kwa mtu mwingine kingevuja kwa saa moja na kukauka, kwa anayetumia dawa hizi chaweza kuvuja kwa wiki nyingi.

Hapa hesabu ndogo itasaidia. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mzee akipoteza mililita 10 kwa siku, yaani vijiko viwili vya chai, atakuwa amepoteza karibu miligramu 5 za chuma. Chakula cha kawaida humpa mtu miligramu 1 hadi 2 pekee kwa siku, na hizo zina kazi tayari ya kufidia kile kinachotoka mwilini kila siku kwa njia ya ngozi na utumbo.

Maana yake ni kwamba mwili utalazimika kula akiba yake. Akiba ya mwanamume mwenye afya ni takriban miligramu 1,000. Kwa mwendo huo itakuwa imekwisha katika muda wa miezi saba hivi. Ya mwanamke kwa kawaida ni ndogo zaidi, na huisha mapema.

Je, si wataiona damu hiyo chooni? La. Ili kinyesi kigeuke kuwa cheusi, huhitajika mililita 50 hadi 100 za damu kwa siku. Vijiko viwili vya chai hupotea humo bila kuacha alama yoyote. Ndiyo sababu mzee anaweza kuapa kwamba hajaona damu, na awe anasema kweli, ilhali anavuja.

Kwa kuwa damu hupungua polepole, mwili nao huzoea. Moyo huongeza kasi, na mzee naye hupunguza shughuli zake bila kutambua. Anaacha kwenda shambani, kisha anaacha kwenda kanisani au msikitini, kisha anaacha kutoka nje. Kila mtu anaona mzee anayezeeka.

Damu hutokea wapi?

Mahali pa kwanza pa kushuku ni tumbo na utumbo. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida nchini, na vingi husababishwa na bakteria aina ya Helikobakta, ambao uhusiano wao na vidonda ulifichuliwa na madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia. Walituzwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Bakteria hao hutibika kwa dawa za siku chache.

Kwa wazee, mishipa midogo ya damu kwenye kuta za utumbo pia hulegea na kutanuka, ikavuja mara kwa mara. Wengine wana bawasiri. Wengine hutokwa damu puani, kwenye fizi au katika mkojo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja, nalo ni saratani. Uchunguzi mkubwa uitwao COMPASS, uliofanywa katika nchi 33 na kuhusisha zaidi ya watu 27,000 wenye maradhi ya moyo na mishipa, ulitoa funzo muhimu mwaka wa 2019. Zaidi ya saratani 1 kati ya 5 zilizogunduliwa zilitanguliwa na kuvuja damu.

Kwa maneno mengine, dawa haikuleta saratani. Ilifanya uvimbe uliokuwa umejificha uvuje mapema, na hivyo ukafichuka. Daktari anayesema, "Ni zile tembe tu," kisha akamruhusu mgonjwa aende zake bila uchunguzi, huenda akawa ameipoteza nafasi ya kuugundua ugonjwa ungali unatibika.

Aspirini nayo si peremende

Wapo wazee wengi wanaomeza aspirini ndogo kila siku kwa sababu jirani aliambiwa inalinda moyo. Inauzwa kwa bei ya chini na haihitaji barua ya daktari, hivyo huonekana kama haina neno.

Uchunguzi uitwao ASPREE, uliofanywa Australia na Marekani kwa wazee 19,114 wasiokuwa na maradhi ya moyo, ulitoa matokeo yake mwaka wa 2018. Aspirini ya miligramu 100 kwa siku haikupunguza maradhi ya moyo na mishipa kwa kiasi cha maana, bali iliongeza visa vya kuvuja damu kwingi.

Mwaka wa 2023 watafiti hao walirudi kwenye takwimu zao na kuangalia hemoglobini. Wazee waliotumia aspirini walikuwa na hatari ya asilimia 20 zaidi ya kupata upungufu wa damu, na akiba yao ya chuma ilishuka upesi zaidi kuliko ya wenzao, hata pale ambapo hapakuwa na kuvuja kwa kuonekana.

Matokeo haya hayamhusu mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, ama aliyewekewa waya wa kupanua mshipa wa moyo. Kwa huyo, aspirini ni tiba kamili. Lakini mzee anayetumia warfarini au rivaroksabani na ambaye amejiongezea aspirini kwa ushauri wa jirani anajitafutia taabu.

Mambo yanayozidisha kuvuja

Dawa za maumivu ndizo adui mkubwa. Magoti na mgongo huwasumbua wazee, na diklofenaki au ibuprofeni hupatikana katika kila duka la dawa. Dawa hizi huchubua ukuta wa tumbo na papo hapo huzuia vigandishi vya damu. Zikichanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda, hatari huwa maradufu. Parasetamoli ni afadhali, mradi kipimo kisizidi, na anayeitumia kila siku pamoja na warfarini amwarifu daktari.

Baadhi ya dawa za kuua viini huipa warfarini nguvu kupita kiasi. Miongoni mwake ni Flagyl na Septrin, ambazo watu wengi hujinunulia tumbo linapouma au wanapokohoa, na pia flukonazoli ya kutibu kuvu. Kwa upande mwingine, rifampisini inayotumiwa kutibu kifua kikuu huidhoofisha warfarini. Mgonjwa anayeanza au kumaliza dawa hizi anafaa kupimwa damu mapema kuliko kawaida.

Figo za mzee pia huchoka. Dabigatrani, kwa mfano, hutolewa mwilini na figo kwa karibu asilimia 80. Figo zikizorota, kipimo kilichofaa miaka mitatu iliyopita huwa kikubwa mno leo. Ni kwa nini basi mzee anayetumia dawa mpya aambiwe kwamba hahitaji kupimwa tena? Hahitaji kile kipimo cha warfarini kiitwacho INR, lakini anahitaji kupimwa figo na hemoglobini walau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi akiwa amedhoofika.

Anayetumia warfarini kwa kawaida hutakiwa kuwa na INR ya kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye vali za kutengenezwa huhitaji zaidi kidogo. Ikipanda kupita hapo, damu huvuja. Ikishuka, donge huweza kutokea.

Na sukuma wiki je? Mboga za majani, kama sukuma wiki, kunde, terere na managu, zina vitamini K ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hiyo si sababu ya kuziacha. Mzee azile kwa kiasi kile kile wiki baada ya wiki, ili daktari aweze kulinganisha kipimo cha dawa na mlo wake. Hatari ni kuziacha ghafla kwa mwezi, kisha kuzila kila siku mwezi unaofuata.

Pombe nyingi huongeza hatari ya kuvuja. Dawa za mitishamba nazo, kwa kuwa hazijulikani zina nini wala kiasi gani, zisitumiwe kabla ya kumweleza daktari. Daktari mzuri hatamfokea mgonjwa kwa kusema ukweli.

Usizitupe tembe

Sasa tufike kwenye kosa lile la pili. Jamaa wakisikia kwamba tembe ndizo zinazofanya damu ivuje, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuzificha au kuzitupa. Wanadhani wamemwokoa mzee.

Nguvu ya warfarini hudumu kwa siku kadhaa baada ya tembe ya mwisho. Ya dawa mpya huisha kwa muda wa siku moja hadi mbili tu. Baada ya hapo mzee hubaki bila kinga, na lile donge lililokuwa likizuiwa linaweza kutokea wakati wowote. Upungufu wa damu unaokuja polepole kwa kawaida hurekebishika. Mkono na ulimi vilivyopooza kwa kiharusi huenda visirudi tena kama zamani.

Hii haimaanishi kwamba dawa haziwezi kusimamishwa kamwe. Zipo nyakati ambapo ni lazima zisimamishwe, hata mara moja. Lakini uamuzi huo ni wa daktari anayejua kwa nini zilitolewa, na ambaye pia atasema zitarudishwa lini. Wagonjwa wengi hudhurika kwa sababu dawa ilisimamishwa "kwa muda" na hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi ya kliniki. Mpeleke mzee hospitalini siku hiyo hiyo akipata kinyesi cheusi kama lami chenye uvundo usio wa kawaida, damu nyekundu nyingi chooni, au akitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa. Vivyo hivyo akizimia, akiumwa na kifua, au akishindwa kupumua. Na akianguka akagonga kichwa, apelekwe hata kama anasema hajaumia, kwa kuwa damu yaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole.

Ieleweke pia kwamba tembe za chuma hugeuza kinyesi kuwa cheusi-kijani, na bitiruti hukifanya kuwa chekundu. Mweleze daktari mzee amekula nini, lakini usiitumie sababu hiyo kubaki nyumbani.

Daktari atafanya nini?

Kwanza atapima damu yote, si hemoglobini pekee. Chembechembe nyekundu zikiwa ndogo kuliko kawaida, huashiria ukosefu wa chuma. Kipimo cha ferritini huonyesha akiba iliyobaki. Atapima figo, na INR kwa anayetumia warfarini.

Si kila upungufu wa damu wa mzee hutokana na kuvuja. Figo zilizochoka hushindwa kutuma ujumbe kwa uboho uunde damu. Maradhi ya kudumu hulifungia chuma mwilini lisitumike. Wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa na vitamini B12. Malaria na safura pia hazijaondoka kwetu. Mzee mmoja anaweza kuwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja.

Lakini iwapo ni chuma kilichopungua, kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ni lazima liulizwe swali moja: kimeenda wapi? Jibu hutafutwa kwa kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, na mwingine kupitia njia ya haja kubwa. Kutumia dawa za kuzuia damu kuganda si sababu ya kuruka uchunguzi huu. Kwa mzee aliye dhaifu sana, daktari na jamaa watapima pamoja kama unafaa.

Hapa ndipo juisi ya bitiruti, maini na tembe za chuma za kununua huweza kudhuru. Si kwamba ni mbaya. Ila zinaweza kuipandisha hemoglobini kwa muda, wote wakafurahi, huku kidonda au uvimbe ukiendelea kukua. Chuma hujaza tangi, lakini hakizibi tundu.

Tundu likishajulikana, kuna mengi ya kufanya. Bakteria wa vidonda huuawa. Aspirini au dawa ya maumivu isiyohitajika huondolewa. Omeprazoli inaweza kuongezwa ili kulinda tumbo. Kipimo cha dawa hurekebishwa kulingana na figo, au dawa yenyewe hubadilishwa. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 2011, apiksabani ilisababisha kuvuja kukubwa kuchache kuliko warfarini, ilhali katika uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo, rivaroksabani ilisababisha kuvuja zaidi tumboni na utumboni kuliko warfarini.

Onyo moja ni muhimu. Wenye vali za moyo za chuma hawafai kubadilishiwa warfarini kwa dawa mpya. Na kwa wenye moyo unaopiga ovyo kutokana na vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, uchunguzi wa 2022 uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba dawa za jamii ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Upya wa dawa si ubora wake kwa kila mtu.

Akiba ya chuma hurudishwa kwa tembe moja kwa siku au kila baada ya siku moja, kwa miezi kadhaa. Zisimezwe na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Tumbo likizikataa, chuma hutiwa kwa sindano mshipani. Kuongezewa damu huwa ni kwa wale ambao hemoglobini imeshuka karibu gramu 7, au 8 kwa wenye maradhi ya moyo, ama wanaovuja kwa wingi.

Jamaa wasaidie vipi?

Huko Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ilianzisha kliniki ya wanaotumia warfarini inayosimamiwa na wanafamasia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2011. Funzo lake ni kwamba dawa hizi zinaweza kutumiwa vyema hata na watu wa mashambani, mradi kuwe na mtu wa kufuatilia vipimo.

Nyumbani, mtu huyo anaweza kuwa wewe. Nunua daftari dogo. Andika jina la kila dawa anayomeza mzee, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Andika sababu ya dawa ya kuzuia damu kuganda kutolewa. Andika Hb, INR na kipimo cha figo kila vinapopimwa, pamoja na tarehe. Lipeleke daftari hilo kila mnapokwenda kliniki, na ulionyeshe pia kwa muuza dawa na daktari wa meno.

Daktari akisema hemoglobini imeshuka, muulize mambo matatu. Imeshuka kutoka ngapi? Damu au chuma kimepotelea wapi? Na dawa ya kuzuia kuganda iendelee, ipunguzwe au isimamishwe, na ikisimamishwa itarudishwa siku gani?

Na kabla ya hayo yote, mwangalie mzee wako wiki hii. Mwulize kama bado anafika pale alipokuwa akifika kwa miguu mwaka jana. Akisema hafiki, na dawa hizi zimo kabatini mwake, usimwambie ni umri. Mpeleke akapimwe damu, ni kazi ya asubuhi moja.